Mana Sili

Siku mama yangu alipohamia Boko alibeba mabegi mawili na mto wake wa kulalia. Mie nilisimama mlangoni kwangu Kimara na sufuria la uji mkononi, uji ambao hakuugusa. Mabegi yasingenisumbua, maana hata mtu anayekwenda kutembea anabeba begi. Ule mto ndio ulionikata maini. Nilimwambia tu, "Haya mama, wasalimie," nikarudi ndani, nikalisugua lile sufuria mpaka viganja vikaniwasha.

Nieleze vizuri, msije mkanihukumu bure. Mama ni mtu wa milimani, Upareni. Alipogundulika ana sukari, mie ndiye niliyekwenda kumchukua. Si mdogo wangu wa kiume anayekaa Boko na mkewe, ni mie, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye vyumba viwili na sebule. Nilimpa chumba chenye dirisha la upepo. Daktari alisema ale dona, mboga za majani na maharage, na asubuhi uji wa ulezi usio na sukari, basi nikampa hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mie si mpishi. Nikishajua kitu kimoja nakipika hicho hicho mpaka tuzeeke.

Mwanzoni alikula kwa adabu ya mgeni. Baadaye akazoea nyumba, na manung'uniko yakaanza. "Jamani, na leo ulezi?" Nami namjibu, "Hiyo ndiyo mana yako, mama. Kula, ushukuru." Siku za kwanza alikuwa anacheka. Kisha akawa hacheki, anasukuma bakuli taratibu kwa kidole kimoja hadi katikati ya meza, halafu anatazama dirishani.

Neno hilo la mana halikutoka hewani. Jumuiya yetu ya mtaani hukutana kila Jumatano jioni kwa zamu za nyumba, na mie ndiye mwalimu wao wa Neno. Mwaka ule tulikuwa tunasoma safari ya Waisraeli jangwani, pole pole, kituo kwa kituo. Jumuiya yangu niliipenda kwa hilo. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuingia Kanaani. Mmoja angeuliza maji ya machungu yalikuwa na chumvi ama nini, mwingine angetaka kujua wanawake walifulia wapi, nasi tungekaa hapo hata saa nzima.

Tulipofika kwenye mana nilifundisha kwa moyo. Niliwaambia chakula kile kilikuwa kinaanguka kila asubuhi, wakikitwanga, wakikitokosa, wakioka mikate, na bado kilikuwa kile kile. Niliwaambia watu walichoka nacho, wakaanza kulia mbele ya mahema yao wakikumbuka samaki waliokula Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu saumu. "Wamesahau viboko vya wasimamizi," nilisema, "wanakumbuka samaki!" Jumuiya ikacheka. Mie sikucheka, kwa sababu samaki walikuwa wameshaingia nyumbani kwangu.

Waliingia kupitia wifi yangu.

Mdogo wangu alimwoa binti wa pwani, watu wa hapa hapa Dar tangu mababu, Waislamu. Waliandikishana bomani, kila mmoja na dini yake. Mama alilia wiki nzima, na mie ndiye niliyembembeleza: mwache mama, mtoto kapenda. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Siku moja wakamwalika Boko kwa chakula cha mchana. Mama akarudi jioni uso unang'aa mafuta na habari. "Mwanangu, nimekula samaki wa kupaka! Amechomwa kwanza, halafu kapakwa tui zito, ndimu, pilipili kidogo, wala hanuki shombo." Nikamwambia tui ni mafuta, mama, na wewe una sukari. Akasema, "Aa, kaweka kidogo tu." Samaki yule tulikaa naye wiki nzima. Nampa mchicha, ananiambia samaki. Nampa maharage, ananiambia samaki.

Loo, roho iliniuma! Lugha yetu ina majina mengi ya kitu hiki. Kuna wivu, kuna gere, kuna donge, kuna kijicho, kuna kijiba cha roho. Mie nilikuwa navyo vyote, kila kimoja na saa yake. Asubuhi ni donge, linakaa hapa kooni nikikoroga uji. Mchana shuleni ni gere, nikisikia walimu wenzangu wakisimulia mama zao. Jioni ni wivu mtupu, ule wa kumtaka mtu awe wako peke yako.

Na ningekuwa na la kumlaumu yule mwanamke ningepumua. Sikuwa nalo. Alikwenda mwenyewe kumwuliza daktari. Akanunua kipimo cha sukari, akamtoboa mama kidole kila asubuhi kwa upole, akimwimbia. Mama akikaa Boko siku mbili tatu, sukari inashuka. Akirudi kwangu kwenye dona na mchicha wa kiserikali, inapanda. Niulize basi, Mungu alitaka nini? Mie niliyefuata masharti yote, kipimo kinanisuta. Nilikuwa nakitazama kile kidude kidogo mama anachorudi nacho, natamani kukitupa chooni.

Ndipo mto ukahama. "Nitakaa Boko kidogo," mama alisema, na "kidogo" ya mama naijua. Alisema hivyo hivyo alipokwenda kumsaidia shangazi kuvuna kahawa, akarudi mie nimeshabadilisha meno.

Sikununa mara moja. Nilinuna siku nilipoona picha. Wifi aliiweka kwenye simu yake ili dunia nzima ione: mama yangu amekaa kwenye mkeka, amejifunga kanga mpya pea nzima, na mikono yote miwili ina hina. Hina! Mama yangu, mzee wa kanisa, mkulima wa tangawizi, vidole vimekakamaa kwa jembe, leo vina maua mpaka kwenye kucha! Anacheka hadi pengo linaonekana. Lile pengo mie nililiona mara ya mwisho lini? Niliitazama ile picha nikiwa nimesimama jikoni, maharage yakaungua.

Nikapiga simu. Nilitaka kusalimia tu, haki ya Mungu. Wifi akapokea, "Shikamoo wifi," nikamjibu "mm." Mtu mzima mie, marahaba ya bure kabisa, nikamnyima. Nikaomba kuongea na mama. Mama akaanza kunieleza hina inavyosagwa, na mie nikamkata: "Basi kaa na mwanao huyo mpya. Wa zamani tumekwisha." Nikasikia tu kuku wa Boko wanawika nyuma yake. Nikakata simu, na tangu hapo simu za Boko nikawa sipokei, ya mdogo wangu wala ya mkewe. Ikiita naigeuza kifudifudi mezani.

Jumatatu moja, mapumziko ya chai, ukaingia ujumbe kutoka kwenye kitochi cha mama, simu yake ndogo ya vitufe. Mama anaandika kwa kuvizia kila herufi, hajui nukta wala mkato, hivyo ujumbe wake huwa mfupi. Huu ulisema: *njoo mana sili*.

Niliusoma mara moja tu na damu ikanipanda kichwani. Njoo. Mana sili. Yaani njoo kama unataka kuja, lakini ile mana yako usije nayo, siili. Nilimwona kabisa amekaa pale mkekani, wifi pembeni, wanacheka. Kumbe utani wangu wa nyumbani umekuwa kichekesho cha Boko! Ulezi niliosaga mwenyewe, nikachekecha, nikaamka mapema kuukoroga, leo natumiwa ujumbe kuukataa! Mwalimu mwenzangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Mama yangu ananisalimia." Sikujibu ule ujumbe.

Jumatano nikaenda kufundisha na moyo huo huo. Na somo, kwa bahati mbaya, lilikuwa limefika kwa dada yake Musa.

Mnaijua habari yenyewe. Miriamu na Haruni walimsema ndugu yao Musa kwa sababu ya mke aliyemwoa, mwanamke Mkushi, mgeni. Kisha wakasema ya moyoni hasa: kwani Mungu anaongea naye peke yake, sisi hatuongeleshi? Mungu akakasirika, wingu likainuka, na Miriamu akabaki mweupe kwa ukoma. Wakamtoa nje ya kambi akakaa huko siku saba.

Nilishaifundisha habari hiyo miaka ya nyuma kama onyo kwa wasengenyaji. Safari hii nilisimama sebuleni kwa watu, Biblia mkononi, nikajikuta namtetea mshtakiwa. "Jamani," niliwaambia, "huyu ndiye aliyesimama kwenye matete akichunga kile kisafina mtoni. Bila yeye hakuna Musa. Amemlea, amemlinda, leo kaja mwanamke mwingine katikati ya safari, na dada hana ruhusa hata ya kusema roho inamuuma? Na Haruni je? Wamesema wote wawili, mbona Haruni hakuota hata upele?" Sauti ilikuwa imenipanda. Mie pia nilimbeba mdogo wangu mgongoni mama akiwa shamba. Alinikojolea mgongo huu mpaka nikawa sinusi tena.

Mwenyekiti wa jumuiya, baba mmoja mstaafu mpole, akakohoa. Akauliza, "Sasa mwalimu, siku hizo akiwa nje, wale wengine walikuwa wanafanya nini? Waliendelea na safari?"

"Hawakwenda popote," nikamjibu kwa mkato. "Imeandikwa kambi nzima haikuondoka mpaka aliporudishwa. Tuendelee." Tukaendelea, tukaomba, tukanywa chai. Nilikula maandazi matatu kwa hasira.

Kesho yake, Alhamisi, nilikuwa na somo la Kiswahili darasa la tatu. Tulikuwa tunatunga sentensi za kueleza sababu. Nikamwita mwanafunzi mmoja ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: *Mtoto analia mana hajala.*

Kosa hili nalisahihisha kila siku ya Mungu. Dar nzima inaandika "mana" ikimaanisha "maana", wakubwa kwa wadogo, kwenye simu, kwenye mabango ya saluni, kila mahali. Nimeshapiga kelele mpaka nimechoka. Nikachukua chaki nikaenda kuongeza ile *a* iliyokosekana, huku nimeshafungua mdomo kuwauliza watoto mana na maana vina tofauti gani.

Chaki ikakatika mkononi.

*Njoo, maana sili.*

Sikumaliza kipindi. Nilimwomba mwalimu wa chumba cha pili aniangalizie watoto, nikatoka na vumbi la chaki kwenye nguo, nikadaka bodaboda barabarani. Nikamwambia Boko, upite Goba, na usinipigishe stori. Mgonjwa wa sukari asipokula, anakunywa dawa juu ya nini? Tangu Jumatatu! Na mie nimekaa na ujumbe ule kwenye mkoba, nawafundisha watu habari za wivu! Nilikuwa naomba kwa sauti nyuma ya yule dereva, hata akaniuliza kama nimemwambia ageuze.

Wifi ndiye aliyefungua geti. Macho yalikuwa yamevimba. "Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yupo ndani, amejilaza. Wifi, tumekupigia mpaka tumechoka." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimepika kila kitu. Nimepika mpaka uji wa ulezi, mume wangu kanielekeza unavyokoroga. Kaonja kijiko, kaweka chini. Ananywa chai kavu na vipande vya muhogo anavyolazimishwa na mwanawe kabla ya dawa. Jana kashikwa kizunguzungu. Namwuliza, mama, kosa langu nini? Hasemi. Anakutaja wewe tu. Mie huyu wa kumkanda miguu sina maana, anayetajwa ni wewe." Alilisema hilo kwa uchungu, sauti imekatika, na nikaijua ile sauti. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Na hapa nitasema ukweli: nilifurahi. Mama amelala njaa ndani, mwanamke wa watu analia getini, na mie furaha inanipanda kifuani, tamu kabisa. Ananitaka mie! Samaki wote wa Bahari ya Hindi wameshindwa! Niliingia ndani natembea na mabega.

Mama alikuwa ameegemea ule mto wake. Uso umekuwa mdogo, hina imeanza kufutika vidoleni. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Una chaki kichwani," alisema.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Mabegi yako yako wapi?"

"Unichukue unipeleke wapi?"

"Nyumbani. Kimara. Si umesema huli?"

"Nimesema sili. Nikasema uje. Wapi nimesema unichukue?" Akajiinua kwa kiwiko. "Mie nakaa hapa. Hapa napapenda. Huyu mtoto ananitunza, sukari imetulia, na asubuhi kuna upepo. Siendi Kimara."

Nilihisi nimemwagiwa maji. Nikakaa kitako sakafuni, hapo hapo. "Sasa mama, ulikuwa huli kwa nini?"

"Nile vipi?" Akakasirika, na hasira ikamrudishia rangi usoni. "Umenikatia simu, umesema umekwisha. Hivi umesahau ulivyokuwa? Ukinuna unakwenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi, unakumbatia magoti, huitiki. Nani nyumbani aliwahi kushika kijiko wewe ukiwa huko? Baba yako ametoka shamba ana njaa, anangoja. Huyu mdogo wako analia chakula, anangoja. Makande yanapoa, yanaganda. Hakuna aliyekula. Nikikuta mtu kaanza naupiga ule mkono. Leo nimezeeka ndiyo nianze kula na mtoto wangu yuko nje?"

Nilikuwa nimesahau. Yaani nilikuwa nimesahau kabisa kwamba walikuwa wananingoja. Katika kumbukumbu yangu nilikuwa peke yangu nyuma ya lile banda, nanusa chakula, naamini wenzangu wanashiba na kunisahau. Miaka yote hiyo niliamini walikuwa wanakula. Nikalia, mbele ya wifi, kwa sauti, kilio nilichokizuia tangu siku ile mlangoni.

Mama aliningoja nimalize. Kisha akamwambia wifi, "Mwanangu, lete chakula."

Hilo "mwanangu" la wifi lilinichoma bado, nisidanganye. Lilinichoma pale pale na machozi hayajakauka. Wifi akaleta sinia, akatandika mkeka upya, akatumiminia maji ya kunawa, mama kwanza, kisha mie. Katikati ya sinia alilala yule samaki wa kupaka niliyemsikia wiki nzima bila kumwona, na pembeni yake ugali na bakuli la mchicha. Mama alinawa, akakausha mikono, akaiweka mapajani. Hakugusa kitu. Wifi naye hakugusa. Wote wawili wakawa wananitazama mie.

Nikamega ugali, nikachovya tui, nikabandua kipande cha samaki karibu na shingo, nikatia mdomoni. Alikuwa mtamu. Alikuwa mtamu kiasi cha kumfanya mtu ahame nyumba, na nilitafuna polepole roho ikiniuma kwa kila tafuno, najua kabisa kwamba leo jioni nitarudi Kimara peke yangu na chumba cha dirisha la upepo kitabaki kitupu.

"Enhe?" mama akauliza. "Anasemaje?"

Nikameza. "Chumvi imepungua," nikasema.

Haikuwa imepungua hata kidogo. Wifi akainuka haraka kwenda kuifuata jikoni. Mama akanitazama, kisha akacheka mpaka pengo likaonekana, akanyoosha mkono, akamega tonge lake, akala.